Kimya Kilicho Kati Yetu: Rangi, Majeraha na Tiba ya Akili

Hotuba ya mgeni mwalikwa katika sherehe za jubilei ya hekalu, mbele ya waumini, majirani na wageni

 

Nawapongeza kwa jubilei hii. Hekalu ni jengo, lakini pia ni kumbukumbu ya watu waliovuka bahari, wakazaa, wakazika, wakafanya biashara, wakaomba dua, na wakaamua kubaki. Kwa kunialika mimi, ambaye si muumini wa imani hii, mmenipa heshima niliyoipokea kwa mikono miwili.

Mliniomba nizungumzie afya ya akili, mkaniachia nichague upande. Nimechagua upande ambao katika siku za furaha huwa tunaupita kimya, nao ni namna rangi na asili zetu zinavyoingia ndani ya maradhi ya moyo, na namna zinavyoweza kuzuia au kusaidia tiba yake. Kazi yangu ni unasihi. Hukaa na watu wenye sonona, wenye wasiwasi usiokwisha, na wenye kiwewe kilichobaki baada ya mambo mazito kupita. Mifano nitakayoitaja leo nimeiunganisha kutoka katika mazungumzo mengi ya miaka mingi, wala hakuna mtu mmoja atakayejikuta ametajwa.

Neno langu ni moja. Tumezoea kudhani kwamba kimya juu ya rangi ndiyo amani. Tumejifunza kusema, "Sisi sote ni Watanzania," kisha tukasonga mbele. Kauli hiyo ni ya kweli na imetusaidia kujenga nchi. Lakini mtu anapofika kwa mnasihi akiwa amevunjika, kauli hiyo ikitangulia kabla hajasikilizwa, humfungia mlango. Umoja unaotangulia usikivu humwacha mgonjwa peke yake na jeraha lake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Elimu ya viumbe imekwisha kutufundisha kwamba tofauti nyingi za vinasaba vya binadamu zimo ndani ya kila kundi la watu kuliko baina ya kundi na kundi. Rangi, kwa maana ya daraja la ubora, ilitungwa na watu. Lakini hata ukuta uliojengwa na watu humuumiza anayeugonga, na kuta za namna hiyo zilijengwa hata katika hospitali.

Hospitali za kuta tatu

Katika eneo letu, historia ya hospitali za wagonjwa wa akili ilianza karibu na historia ya utumwa. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Baadaye, chini ya Waingereza, Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Jina hilo mnalifahamu, kwa sababu hadi leo watoto hulitumia kutaniana: "Huyu wa Mirembe!" Jina la nyumba ya tiba likawa tusi, na tusi hilo limewafanya wengi wachelewe kutafuta msaada.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910. Wagonjwa wake waligawanywa kwa rangi: Wazungu upande wao, Waasia upande wao, Waafrika upande wao. Fikirini jambo hilo. Mtu amepotewa na akili zake, huenda hajui jina lake wala siku ya leo, lakini serikali imehakikisha kwamba rangi yake haipotei.

Daktari aliyeiongoza Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950 aliitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Katika maandishi yake alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alidai pia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Na ripoti ya Mau Mau ilitafuta chanzo cha uasi ndani ya akili za watu zaidi ya katika ardhi waliyonyang'anywa.

Wasomi wa Kiafrika na wenzao walimjibu. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique aliyekuwa daktari wa akili katika hospitali ya Blida nchini Algeria, alimkosoa Carothers kwa jina katika kitabu alichokitoa mwaka 1961. Huko Abeokuta, Nigeria, kuanzia mwaka 1954, Profesa Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wake katika vijiji pamoja na ndugu zao, akashirikiana na waganga wa jadi. Kisha mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti uliolinganisha vijiji viwili vya Uganda na sehemu ya jiji la London. Waligundua kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko London.

Sonona ya Mwafrika, basi, ilikuwapo siku zote. Aliyeketi upande wa pili wa meza alikuwa amekwisha kuamua kwamba haipo, kwa hiyo hakuiona. Hilo ndilo funzo ninalotaka tuondoke nalo: rangi huweza kumfanya mtu mwenye elimu na nia njema asiyaone machozi yaliyo mbele yake. Na hali hiyo haikuondoka na wakoloni.

Mtu wa katikati

Sasa niseme na wenyeji wangu wa leo. Ukoloni ulitupanga kama ghorofa: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mishahara, shule na vitanda vya hospitali vilifuata mpango huo. Miji yetu bado ina majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Hata tulipoukaribia uhuru, katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, sheria ilimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wazee wetu waliita kura tatu.

Mtu wa ghorofa ya katikati hupata faida ambayo wa chini anaiona kila siku, na hupata hofu ambayo wa juu haijui. Wengi wenu ni wajukuu wa wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat waliofika pwani hii kwa majahazi kabla ya wakoloni. Wengine wana ndugu waliotokana na vibarua kama 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa kwenda ziwa Victoria, kati ya mwaka 1896 na 1901, kazi iliyowaua watu wapatao 2,500. Haya ni majeraha, na yanastahili kutajwa kwa heshima.

Kisha yakaja mengine. Mwaka 1964 kulitokea mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa Tanzania Bara, na familia nyingi zikafunga virago. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Sizungumzii hapa siasa za matukio hayo, ambayo kila moja lina sababu zake na mjadala wake. Nazungumzia kilichobaki ndani ya nyumba. Kuna bibi ambaye kwa zaidi ya miaka 50 ameweka begi chini ya kitanda, lina hati za kusafiria na bangili za dhahabu. Hajawahi kumweleza mjukuu wake sababu. Lakini mjukuu anapoanza kushindwa kulala kila inapokaribia siku ya uchaguzi, mimi namuuliza habari za nyumbani, na hatimaye tunalifikia begi. Hofu hurithiwa bila wosia.

Kuna pia kijana aliyezaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, babu yake kazaliwa hapa. Kiswahili ndicho anachootea ndoto. Siku moja katika foleni mtu akamwambia, "Rudi kwenu." Alicheka, akaondoka. Miezi ikapita, akaja kwangu akisema moyo unamwenda mbio bila sababu. Tulipofika kwenye lile neno alisema, "Sina kwetu kwingine." Mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno "magabacholi" lilipigiwa kelele majukwaani, na wapo watu wazima leo waliolisikia wakiwa watoto ndani ya magari ya shule. Nasi tulio wengi tuna wajibu wa kukumbuka kwamba mwezi Oktoba 1961 Mwalimu Nyerere alikuwa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali uraia uliopimwa kwa rangi. Utu wa kijana yule ulikwisha kutetewa bungeni kabla hajazaliwa. Aliyemwambia arudi kwao ndiye aliyekwenda kinyume cha msingi wa nchi hii.

Kikombe kilichotengwa

Haki ya upande mmoja isifunike ya upande wa pili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimeketi na waliokilalia kitanda cha pili.

Kuna mama aliyefanya kazi katika nyumba moja kwa miaka 20. Aliwalea watoto wa nyumba hiyo, akawaimbia, akawauguza surua. Muda wote huo kikombe chake kilikaa peke yake, chini ya sinki. Maneno ya Kigujarati yaliyosemwa juu ya watu weusi mbele yake aliyaelewa yote tangu mwaka wa pili, lakini hakuwahi kuonyesha kwamba anaelewa. Alipofika hospitali alilalamikia kifua kinachobana. Vipimo havikuonyesha kitu. Mtoto aliyemlea alipooa, mama huyu alikuwa jikoni, akioshea wageni sahani. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikasiriki. Nimechoka tu." Uchovu wa namna hiyo nauheshimu kama ugonjwa, kwa sababu ni ugonjwa.

Tena uchovu huo una kumbukumbu ndefu. Mwaka 1860 konsuli wa Uingereza huko Zanzibar, C. P. Rigby, aliwaachilia huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa himaya ya Uingereza. Sisemi haya ili mtu yeyote aliyeko hapa abebe dhambi ya babu wa babu yake. Nasema kwa sababu Mswahili wa pwani anapotengewa kikombe, hakutani na kikombe peke yake. Anakutana na hadithi aliyoisikia kwa bibi yake. Majeraha mapya huumiza zaidi yanapoangukia juu ya makovu.

Pia tukumbuke mema, kwa maana tiba huhitaji kumbukumbu zote mbili. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo alitoa fedha za kujengea hospitali mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1890, na jina lake lingali katika jengo la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Wagonjwa wanaolazwa humo hawaulizwi asili yao. Mtu mmoja alitoa mali yake, na zaidi ya karne moja baadaye jina lake bado linaitwa na wauguzi kila siku.

Rangi kwenye kioo

Lipo jeraha moja ambalo pande zote mbili zinalo, na mara nyingi hushangaa zinapogundua kwamba wenzao wanalo pia. Dada wa Kiswahili hujichubua kwa mkorogo hata ngozi ikaungua. Dada wa Kihindi ameambiwa tangu utotoni asikae juani, asije akakosa mchumba. Krimu ya Fair & Lovely iliuzwa India tangu mwaka 1975 kwa jina lililounganisha weupe na uzuri, na ni mwaka 2020 tu ndipo jina hilo lilipobadilishwa. Wasichana hawa wawili wanaweza kuishi katika jengo moja, wakapishana ngazini kila asubuhi, kila mmoja akijilinganisha na kipimo kilekile ambacho hakuna kati yao aliyekitunga.

Na kati yao yupo anayeitwa chotara. Mara nyingi hufika kwangu akiwa amechoka kujibu swali moja: "Wewe ni nani hasa?" Upande wa mama wanamwita Mhindi, upande wa baba wanamwita Mswahili, na neno hilo kila mahali linamaanisha kwamba si wa hapa. Tiba yake haianzi kwa kumchagulia upande. Inaanza pale ambapo mtu anamruhusu awe na pande zote mbili bila kuomba radhi.

Ndani ya chumba cha unasihi

Mnasihi afanye nini, basi? Hapa Marekani ina jambo la kutufundisha, maana majeraha ya rangi huko ni ya kina, na wasomi wake weusi walilazimika kuyafikiria mapema. Mwaka 1971 William Cross alieleza hatua anazopitia Mmarekani mweusi kutoka kuidharau asili yake hadi kuishi nayo kwa utulivu. Mwaka 1984 Janet Helms akalipeleka wazo hilo ndani ya chumba cha unasihi. Alisema kwamba mnasihi naye ana safari yake juu ya rangi, kama alivyo mgonjwa. Mnasihi aliyefika mbali zaidi katika safari hiyo anaweza kumsaidia mgonjwa asonge. Mnasihi aliye nyuma ya mgonjwa wake atamrudisha nyuma, hata akiwa na shahada tatu ukutani.

Marekani si Tanzania, na ghorofa zetu zilikuwa tatu, wala si mbili. Lakini kanuni hiyo nimeiona ikifanya kazi hapa. Mnasihi Mwafrika anayeamini kimoyomoyo kwamba "Wahindi hawana shida, wana fedha" hataisikia sonona ya mwenye duka. Daktari wa asili ya Kihindi anayeamini kwamba "hawa wamezoea taabu" atampa mama wa kifua kinachobana dawa ya tumbo na kumrudisha nyumbani. Hapo Carothers anakuwa amefufuka, safari hii akiwa na sura yetu wenyewe.

Katika kazi yangu nimejifunza mambo matatu. Kwanza, tofauti iliyo wazi itajwe mapema na kwa upole. Husema, "Wewe na mimi tumetoka jamii mbili. Likitokea jambo unaloona siwezi kulielewa kwa sababu hiyo, niambie." Mara nyingi mabega ya mtu hushuka hapohapo. Pili, mgonjwa asigeuzwe kuwa mwalimu wa jamii yake yote, kwa maana alikuja kueleza maisha yake mwenyewe. Tatu, lugha. Bibi wa Kigujarati akitafsiriwa na mjukuu wake hatasema kwamba anatamani kufa, na nani angelisema hilo kwa kinywa cha mtoto? Lugha zetu zenyewe zina hekima ya maradhi haya. Mswahili husema, "Nina mawazo," na kila mtu anajua kwamba hazungumzii fikra za kawaida. Nami nimefundishwa na wazee wa jamii yenu kwamba chinta, yaani wasiwasi, na chita, yaani tanuri la kuchomea maiti, hutofautiana katika maandishi kwa nukta moja tu: moja humchoma aliyekufa, na nyingine humchoma aliye hai. Daktari asiyeyajua maneno haya atapima damu na kukosa ugonjwa.

Arjuna kabla ya jibu

Ruhusa mliyonipa ya kusimama hapa inanipa ujasiri wa kugusa, kwa adabu ya mgeni, kitabu chenu kitukufu. Bhagavad Gita ina sura 18, na ya kwanza imepewa jina la huzuni ya Arjuna. Shujaa anasimama kati ya majeshi mawili, na mwili wake unamkataa: kinywa kinakauka, viungo vinatetemeka, ngozi inawaka, akili inazunguka, upinde wa Gandiva unamponyoka mkononi. Anaketi ndani ya gari lake la vita, hawezi. Mtu yeyote wa kazi yangu akiisoma sura hiyo atatambua dalili ambazo huziona kila wiki.

Mambo mawili hunigusa humo. La kwanza ni sababu ya huzuni yake. Arjuna anatazama upande wa pili na kuona jamaa: walimu, babu, binamu. Kinachomvunja ni kutambua kwamba walio upande ule ni wake. La pili ni kwamba kitabu kinaiachia huzuni hiyo sura nzima, na sura hiyo yenyewe inahesabiwa kuwa yoga. Ni kweli kwamba Krishna, alipoanza kumjibu, alianza kwa maneno makali. Lakini mafundisho yenyewe yalikuja baada ya Arjuna kuyasema yote na kukiri kwamba haoni njia. Sisi katika nchi yetu tumekuwa na haraka ya kufika kwenye sura ya majibu. Tunatangaza udugu, tunakata keki, tunapiga picha ya pamoja. Sura ya kwanza hatujaisoma kwa sauti.

Benchi kwenye ua

Nisiwaache na maneno matupu. Huko Harare, Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare namna ya kuwasikiliza watu wenye mawazo, wakiwa wameketi juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Washona huuita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Gharama kubwa ya mpango huo ni benchi, mafunzo na moyo wa kusikiliza.

Hekalu hili lina ua, lina kivuli, na lina wazee wenye saa za kutosha. Naomba kamati izingatie mambo matatu.

La kwanza: pawe na benchi. Waketi juu yake wasikilizaji waliofundishwa, nusu kutoka jamii hii na nusu kutoka kwa majirani, wanawake na wanaume, chini ya uangalizi wa kituo cha afya. Anayefika aruhusiwe kumchagua msikilizaji wake. Benchi halichukui nafasi ya hospitali, na mtu anayetaka kujidhuru, au anayesikia sauti zisizosikika na wengine, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Lakini wengi hawafiki huko, nao huhitaji sikio kabla hawajahitaji kitanda.

La pili: vijana wenu wanaozungumza Kigujarati, Kikutchi na Kiswahili kwa ufasaha wafundishwe ukalimani wa afya, pamoja na adabu ya kutunza siri. Bibi yule asilazimike tena kupitia kwa mjukuu.

La tatu ni gumu kuliko yote, nalo haligharimu hata senti. Nyumbani kwenu, kabla ya Diwali ijayo, kikombe kile kirudi kabatini pamoja na vingine. Kisha yule anayekitumia aulizwe miaka hiyo ilikuwaje kwake, na mwulizaji anyamaze mpaka amalize kusema. Asijitetee wala asilie ili abembelezwe yeye. Nasi majirani tufanye vivyo hivyo. Kijana wa Kihindi akitueleza alivyojisikia alipoambiwa arudi kwao, tusimjibu kwamba alikuwa anataniwa.

Mwezi Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Wapo waliofurahi na wapo waliotilia shaka, lakini tangazo hilo lilionyesha jambo moja: binadamu hata akiishi mahali kwa vizazi vinne, bado ana kiu ya kusikia mwenzake akisema, "Nimekuona." Kiu hiyo ndiyo niliyoikuta kwa yule mama wa kikombe, kwa kijana wa foleni, na kwa bibi mwenye begi. Hakuna serikali inayoweza kuimaliza kwa tangazo. Inatulizwa na mtu mmoja akimsikiliza mwenzake, kwa muda mrefu kuliko ilivyozoeleka.

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu: hekalu hili lidumu, na kengele yake iendelee kusikika kwa waumini na kwa majirani. Mwenyezi Mungu, kwa majina yote tunayomwita, awape afya ya mwili na utulivu wa akili.